Tangi la Mzee Ndirangu na Kadi za Daktari

Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi mna raha zenu. Mtu akiandika makala, anafungua simu na kuona ni wangapi wameitaja katika makala zao. Sisi tulisubiri posta. Nilikuwa fundi wa maabara wa Daktari Muthoka tangu miaka ya sabini hadi themanini na kitu, na umaarufu wake ulikuja kwa kadi. Mtu wa nchi ya mbali aliona kichwa cha makala yako mahali, akataka kuisoma yote, jarida lenyewe hana, basi alikutumia kadi ndogo ya kuomba nakala. Uliitia nakala kwenye bahasha ukampelekea. Kadi zikija kwa wingi ulijua unasomwa. Zisipokuja, ulijua umeandikia mchwa.

Stempu za kadi hizo zilikuwa mali ya watoto wa mtaa wa Ziwani, Nairobi, tulikokuwa tukikaa. Nilizikata kwa makasi na kuwagawia siku ya Jumamosi, nao waligombana kama kuku. Palikuwa na watoto pale mtaani waliojua Hungaria iko wapi kabla ya kujua Thika ya hapo jirani.

Daktari alikuwa Mkamba wa Machakos, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusema na vyombo. Akiwasha mashine alisema, "Habari ya asubuhi, mama." Mwanzoni nilidhani ananisalimu mimi, nikawa najibu. Alichunguza milango ya seli. Msiogope neno hilo. Misuli yako imeundwa kwa nyuzi, na kila uzi una ngozi nyembamba mno. Kwenye ngozi hiyo kuna vijilango vidogo kuliko chochote unachoweza kukiona, na chembe za chumvi hupita humo, hizi zikiingia, zile zikitoka. Kupita kwa chembe hizo ndiko umeme wa mwili. Ukikunja kidole, kuna vijilango vimefunguka na kufungwa. Daktari alitaka kujua nani anavifungua na nani anavifunga, basi. Aliishi kwa swali hilo kama wengine wanavyoishi kwa duka.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuvuta sindano za kioo. Unachukua kibomba chembamba cha kioo, unakipasha moto katikati hadi kilegee, kisha unakivuta. Kinakatika vipande viwili, kila kimoja na ncha ambayo jicho haliioni. Unakijaza maji ya chumvi, unaingiza uzi wa fedha, na ncha ile ndiyo inayochomwa kwenye uzi wa msuli wa chura ili kuusikiliza umeme wake. Leo mashine inavuta yenyewe. Lakini hata leo, nawaambia, ukishajaza sindano yako itazame kwa mwanga kwanza, maana povu moja dogo litakupotezea siku nzima na utamlaumu chura bure. Na usivae nguo ya nailoni. Mimi nilivaa gaguro jipya la nailoni siku moja, ikawa kila nikipita karibu na meza mashine inaruka kama imeona chui. Daktari alikagua nyaya zote, akatoa jasho, hakuthubutu kuniuliza nimevaa nini. Nililivua chooni, mashine ikatulia. Sikumwambia sababu.

Umeme wa seli ni mdogo sana, kwa hiyo umeme wa mji wote unaufunika. Ukitaka kuusikia lazima uketi ndani ya kizimba cha waya. Vizimba vya namna hiyo vilinunuliwa ng'ambo, kwa kibali cha kuagiza vitu, na kibali nacho kilizeeka mezani kwa mtu. Siku moja Daktari aliniuliza, "Nyambura, baba yako si ni fundi?"

Baba yangu, Mzee Ndirangu, alikuwa fundi wa bati kule Shauri Moyo. Alitengeneza masanduku ya shule, karai, majiko na vyombo vya kunyweshea kuku. Daktari alimwendea na mchoro. Baba aliutazama, akaugeuza juu chini, akasema, "Hiki ni kizimba cha kuku."

"Ndiyo, Mzee. Lakini nitakaa mimi."

Baba alimtazama, akanitazama na mimi, ndipo akasema sawa. Akakitengeneza kwa waya wa kuku na mbao, waya umeunganishwa kila kona, na mlango wenye bawaba. Kwa meza alileta mipira ya ndani ya magurudumu ya lori kutoka kwa wazibaji wa pancha, tukaijaza upepo kidogo tukaweka bamba zito la chuma juu yake, ili malori ya barabarani yasiitikise sindano. Wageni kutoka ng'ambo walicheka walipoona. Kisha waliketi ndani, wakaona mstari kwenye kioo cha mashine umenyooka kimya kabisa, wakaacha kucheka. Kitu kimoja tu kilitushinda kwa muda. Kila siku saa nne asubuhi mstari ulianza kutetemeka. Tulitafuta wiki nzima, kumbe ni birika la umeme la karani wa jirani, akichemsha chai. Tukaanza kupumzika saa nne, tukanywa chai yake.

Vyura tuliwatoa Njiru. Siku hizo Njiru ilikuwa mashamba na majimaji, si majumba mnayoyaona. Akina mama waliokuwa wakilima kando ya mto waliniona na ndoo na wavu, wakaniuliza kama huko mjini nyama imeadimika kiasi hicho. Niliwaambia ni wa masomo. Mmoja akasema, "Basi soma pole pole, uwaachie mbegu."

Sasa nije kwenye tangi. Maji ya kutengenezea mchanganyiko wa chumvi yalikuwa maji ya betri, yale yasiyo na kitu ndani, ambayo mashine yetu iliyatoa tone kwa tone. Yalidondoka kwenye mtungi mkubwa wa kioo. Mtungi ule ulipasuka, mwingine haukupatikana, na kibali kikaenda kulala kama kawaida. Daktari akarudi Shauri Moyo. Safari hii alikuwa mwangalifu sana. Alimwambia Baba asilehemu kwa risasi, maana risasi ni sumu kwa seli, na asipake rangi ndani. Baba akakunja maungio kwa nyundo peke yake, kunjo juu ya kunjo, hadi tangi likashika maji bila tone la risasi. Lilikuwa jipya, linang'aa, na lina bomba chini na kifuniko kama sufuria. Baba alilipiga kofi akasema, "Hili halitavuja, Daktari, hata wajukuu wako wazeeke." Nilijivunia baba yangu siku ile hadi nikaona aibu ya kutabasamu mbele za watu.

Baada ya hapo ndipo Daktari alipoona jambo la ajabu. Nyuzi za misuli ya vyura wetu zilipopigwa na umeme hazikutulia kama zilivyopaswa. Zilikawia, zikaendelea kuitika, kama mtu uliyemwita mara moja akakujibu mara tatu. Kijilango kimoja ambacho kazi yake ni kuituliza misuli kilikuwa kimelala. Daktari alirudia na kurudia, chura baada ya chura, jambo likawa lile lile. Akaandika kwamba vyura wa nyanda zetu wana mlango wa namna yake. Jarida kubwa likaipokea makala. Mwishoni, mahali pa shukrani, aliweka jina la Ndirangu, fundi wa bati wa Shauri Moyo, kwa kizimba na tangi. Baba hakujua kusoma Kiingereza lakini jina lake alilijua, na ukurasa ule aliukunja akautia kwenye Biblia.

Kadi zikaanza kuja. Jamani, zilikuja! Prague, Osaka, Kalkuta, miji ambayo hata watoto wa stempu walishindwa kuitaja. Kwenye maktaba kulikuwa na vitabu vinene vilivyoonyesha nani amemtaja nani, na Daktari alikuwa akienda kujitafuta humo halafu anarudi akijifanya alikuwa ametafuta kitu kingine. Nilimjua kwa mwendo wake. Jina lake likapelekwa kwenye kamati ya chuo ili afanywe profesa. Alikuwa ameshapitwa mara moja, na mkewe alikuwa amechoka kusikia neno "mwakani".

Miezi michache kabla ya kamati kuketi, ikaja makala ya watu wa ng'ambo. Walikuwa wamepelekewa vyura wa Njiru, wa kwetu kabisa, hai, ndani ya majani mabichi. Hawakuona lolote. Misuli ilitulia kama misuli ya chura yeyote. Waliandika kwa adabu, lakini adabu ya wasomi mnaijua. Walimtaja Daktari kila ukurasa, na kila walipomtaja walimvua nguo moja.

Daktari alisoma amesimama. Akaiweka chini akasema, "Nyambura, tuanze upya. Kitu kimoja kimoja."

Hili ndilo ningependa mlishike katika haya yote ninayowapigia domo. Kosa likiwa halionekani, usibadilishe vitu vitano kwa pamoja ukifurahi mambo yakinyooka. Badilisha kimoja, tazama, kirudishe, kisha kingine. Tulibadilisha vyura, tukaleta wa mto mwingine. Ajabu ikabaki. Tukabadilisha chumvi, tukafungua chupa mpya. Ikabaki. Kioo cha sindano, uzi wa fedha, joto la chumba. Ikabaki, na mimi moyoni nikawa nafurahi, nikijua wale wa ng'ambo ndio waliokosea. Kisha Daktari akaomba maji ya betri kwenye maabara nyingine, yaliyokuwa kwenye chupa za kioo. Akachanganya chumvi ile ile, akachukua msuli wa chura yule yule. Ukatulia. Akautia kwenye maji ya tangi, ukaanza kelele zake. Akaurudisha kwenye maji ya chupa, ukatulia tena. Alifanya hivyo mchana kutwa bila kusema neno, hata kwa mashine.

Jioni akanigeukia. "Ni tangi."

Bati halishiki kutu kwa sababu limepakwa zinki, mng'aro ule mnaouona. Na maji yasiyo na kitu ndani yana njaa, hula chochote kinachoyagusa. Yalikuwa yakiula mng'aro wa tangi la Baba kidogo kidogo, na chembe za zinki ndizo zilizokuwa zikikifunga kile kijilango. Daktari alitia zinki kidogo sana kwenye maji safi, na msuli ukaanza kelele. Hakuna mlango wa namna yake. Vyura wa Njiru ni vyura tu.

Sitawaficha, nililia. Si kwa ajili ya sayansi. Nililia kwa sababu ya ule ukurasa ndani ya Biblia ya Baba.

Rafiki mmoja wa Daktari katika idara yetu, mtu mwema kwa kweli, alikuja akafunga mlango. "Sikiliza, Muthoka. Kamati inakaa mwezi ujao. Kadi unazo, kutajwa umetajwa kushinda mtu yeyote kwenye hii idara. Ngoja ipite, halafu andika marekebisho yako. Nani ataumia?"

"Kutajwa kwenyewe nusu yake ni watu wanauliza kama mimi ni mwongo."

"Kamati haisomi. Inahesabu."

Daktari akacheka kidogo. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Nitaandika wiki hii. Lakini siwezi kuandika kazi ya mzee wa watu kwenye jarida la dunia kabla hajaisikia kwa mdomo wangu. Nyambura, Jumamosi baba yako yuko?"

Nilimwambia yuko. Nilitaka kumwambia aniachie mimi nimweleze, kisha nikajua nisingeweza.

Alikuja Shauri Moyo na sukari na majani ya chai, amevaa koti, katikati ya nyundo zote zile. Baba alimpa debe la kukalia. Daktari alieleza yote kwa Kiswahili chepesi, bati, mng'aro, maji yenye njaa. Baba alisikiliza huku akinyoosha ukingo wa karai. Daktari alipomaliza, Baba akauliza, "Vyura walikufa?"

"Si kwa tangi, Mzee. Misuli yao ilipiga kelele tu."

"Tangi limevuja?"

"Halijavuja hata tone."

"Sasa mimi nimekosa wapi?"

"Hujakosa, Mzee. Nilikukataza risasi na rangi, nikajiona nimemaliza. Sikuuliza bati lenyewe limepakwa nini. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

Baba akaweka nyundo chini. Ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameumia. Mikono yake haikujua ishike nini. "Na lile jina langu," akasema, "pale mwisho wa karatasi?"

"Nimekuja kwa sababu ya hilo. Kizimba bado ni kizuri, hakuna aliye na kizuri kuliko hicho. Ukitaka, nitashukuru kwa kizimba peke yake. Tangi nitasema ni tangi la bati tu, la fundi nisiyemtaja."

Mwenzake wa kibanda cha pili alikuwa ameacha kugonga ili asikie.

"Hapana," Baba akasema. "Andika vyote viwili. Ukinitaja kwa kizimba ukanificha kwa tangi, utakuwa umesema tangi lina aibu. Nimelikunja mimi, kila kunjo. Halivuji. Mtu akisoma huko aliko ajue limetengenezwa na nani, na ajue pia asiweke maji ya vyura ndani yake."

Daktari alisimama akampa mkono, na hawakuachana mikono haraka. Kisha Baba akaniambia, "Nyambura, si uchemshe hiyo chai basi?" Nikaichemsha nikitokwa na machozi, nikisingizia moshi.

Kamati ilikaa, ikahesabu, na pia ilikuwa imesikia. Daktari hakupata uprofesa mwaka ule. Aliupata miaka kadhaa baadaye, mvi zimeshaingia, na mkewe alisema amepewa wakati ambapo koti halimkai tena. Wakati ule niliona uchungu sana kwa niaba yake, na nikikumbuka bado nauona. Msidhani ukweli hulipwa mwisho wa mwezi.

Kadi zilikauka. Nilikwenda chumba cha posta kila siku kama kawaida, na watoto wa Ziwani wakaniuliza kama nchi za ng'ambo zimefungwa. Kisha ikaja moja, ikiomba nakala ya marekebisho. Ilitoka kwa wale wale waliomvua nguo. Chini yake mtu ameandika kwa mkono, kwa wino, kwamba wameenda kukagua ndoo za maabara yao, na wamezitupa mbili. Daktari aliisoma akacheka hadi akatoa miwani. Hakuiweka kwenye sanduku la kadi. Alinipa nimpelekee Baba, na Baba akaipigilia kwenye nguzo ya kibanda, stempu ikiwa juu yake. Watoto walinililia hiyo stempu hadi wakachoka. Mwaka huo Baba alikuja maabara na mkokoteni akalichukua tangi lake.

Juzi mjukuu wangu, naye anasomea mambo haya haya, alikuja kunitembelea hapa Lucky Summer. Akafungua simu, akamtafuta Daktari, Mungu amrehemu.

"Shosho, huyu mzee wako alikuwa moto. Cheki hii makala yake ya kwanza imetajwa vile. Lakini hii ingine ya pili, wacha tu, ni wachache sana."

"Ya kwanza ndiyo yenye makosa," nikamwambia.

"Eeh? Na bado watu wanaitaja?"

"Bado. Fungua hiyo ya pili. Nenda chini kabisa, penye shukrani. Unisomee."

Akasoma pole pole, kwa Kiingereza chake kizuri, jina la baba yangu mzazi, ambaye yeye hamjui ila kwa picha: Ndirangu, fundi wa bati, Shauri Moyo, Nairobi, kwa kizimba na kwa tangi. Akasoma tena bila kuambiwa. Kisha akaniuliza, "Si ni babako huyu? Na hiyo tangi ilienda wapi?"

Nikamwonyesha kwa dirisha. Liko pale chini ya mfereji wa paa, limejaa maji ya mvua ninayonyweshea sukuma wiki. Mng'aro umeisha siku nyingi. Akatoka, akainama, akapitisha kidole chini ya maungio yote, kunjo baada ya kunjo, akarudi akinionyesha kidole.

Kilikuwa kikavu.